Kompyuta mpya Shabunda: Windows itoke au ibaki?

Kompyuta mpya inayoletwa Shabunda mara nyingi hufika na Windows ndani. Mnunuzi amekwisha kuilipia, hata kama hakuulizwa. Nyingine huuzwa tupu, na fundi wa mjini huijaza Windows ya kunakili isiyolipiwa. Iko njia ya tatu, nayo si ya jana.

Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki huko Finland, alitoa bure kiini cha Linux. Mwaka uliofuata akakipa leseni inayomruhusu yeyote kukinakili, kukibadili na hata kukiuza.

Kwetu Afrika mwaka mzito ni 2004. Mwezi wa sita Bukavu ilitekwa na askari wa Nkunda na Mutebutsi. Nani angewaza kompyuta? Mwezi wa kumi, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akatoa Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Linux. Jina ni la Kizulu na Kixhosa, ndugu wa neno letu utu. Mwaka huohuo, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu, yenye menyu za Kiswahili.

Ubuntu ya kwanza ilienea katika sidi moja ya MB 700. Hadi 2011 sidi hizo zilitumwa bure kwa posta, jambo zuri kwa nchi yenye posta. Leo mfumo huo unazidi GB 5. Kuupakua Shabunda kwa megabaiti za simu ni kutupa pesa. Heri upakuliwe Bukavu, uwekwe kwenye fleshi, usafiri mfukoni. Fleshi moja yatosha kwa kompyuta zote za shule au redio, na leseni inaruhusu.

Mwaka 2012 ugumu mwingine ukaja. Pamoja na Windows 8, kompyuta mpya zilianza kuuzwa na ukaguzi uitwao Secure Boot: mashine inapowaka hukataa mfumo usio na sahihi inayoitambua. Wengine walisema Linux imekwisha. Ubuntu 12.10 ikatoka mwaka huohuo ikiwa na sahihi hiyo.

Hatari iliyobaki ni diski. Fleshi inaweza kuwasha Ubuntu bila kugusa kilichomo ndani, ili mtu ajaribu kwanza sauti na Wi-Fi. Wakati wa kuiweka kabisa, huulizwa: ikae pamoja na Windows, au ifute diski yote? Kufuta hapo ni kufuta kweli, na redio yenye kompyuta moja hupoteza sauti zake zote za miaka. Tena kompyuta nyingi mpya zimefungwa kwa BitLocker. Ukigusa mpangilio wa kuwasha, Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft, yaani kwenye intaneti. Uandikwe kwenye karatasi kabla ya kuanza safari.