Tiba ya mionzi katika melanoma iliyosambaa

Melanoma, aina ya saratani ya ngozi, ikishasambaa, mionzi hutumika kutuliza maumivu na kudhibiti uvimbe pale ulipo. Mwili mzima umeachiwa dawa: zile zinazoamsha kinga, kama ipilimumab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, na zile zinazozima protini ya BRAF iliyobadilika.

Kwa muda mrefu melanoma ilihesabiwa kuwa sugu kwa mionzi, kwani seli zake ni hodari wa kukarabati DNA iliyojeruhiwa na dozi ndogondogo. Madaktari wakageukia dozi kubwa. Jaribio la Marekani, RTOG 83-05, lililinganisha vipindi 4 vya grei (Gy, kipimo cha dozi ya mionzi) 8 na vipindi 20 vya Gy 2.5, na uvimbe ulinywea karibu sawa katika makundi yote mawili. Usugu huo ulitiwa chumvi.

Mionzi huhitajika zaidi kichwani, maana melanoma ina tabia ya kuhamia ubongoni. Zamani ubongo wote ulipigwa mionzi. Siku hizi vivimbe vikiwa vichache hulengwa kimoja kimoja, kwa mbinu iliyoasisiwa na daktari wa upasuaji wa ubongo, Lars Leksell wa Stockholm. Mgonjwa hulala chali, kichwa kikiwa kimeshikiliwa na barakoa ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la uso wake, na mara nyingi kipindi kimoja hutosha. Jaribio lililochapishwa mwaka 2019 halikuona faida ya maana ya kuongeza mionzi ya ubongo wote baada ya kutibu vivimbe 1 hadi 3.

Mfupa unaouma hupewa Gy 8 kwa mkupuo mmoja; maumivu huweza kuzidi siku za mwanzo kabla ya nafuu kuja. Uti wa mgongo ukibanwa ni dharura, kwa kuwa miguu ikishapooza ni vigumu kuirudishia nguvu. Kwa Waafrika, ambao melanoma yao mara nyingi huanzia unyayoni, mgonjwa aliyechelewa huja na tezi za kinena zilizovimba au kuchimbika. Hapo mionzi hupunguza kuvuja damu.

Mwaka 2012 madaktari wa New York walieleza habari za mgonjwa aliyekuwa akitumia ipilimumab: uvimbe mmoja kando ya uti wa mgongo ulipigwa mionzi, na mingine ambayo haikuguswa ikanywea. Jambo hilo ni nadra, wala halipaswi kuahidiwa mgonjwa. Dawa za kuzima BRAF, kwa upande wake, huweza kuifanya mionzi iunguze ngozi vibaya, hivyo husimamishwa walau siku 3 kabla na baada ya mionzi ya vipindi vingi.