Chanjo kwa wanafunzi wa fani za afya

Chanjo kwa wanafunzi wa fani za afya ni zile ambazo mwanafunzi wa udaktari, uuguzi, ukunga, maabara au meno anatakiwa kuwa amezipata kabla ya kuanza kuhudumia wagonjwa na kushika damu au vifaa vilivyotumika. Sharti hilo lina makusudi mawili: kumkinga mwanafunzi dhidi ya maradhi ya wodini, na kuwakinga wagonjwa, hasa watoto wachanga na wajawazito, dhidi ya maradhi ambayo mwanafunzi mwenyewe anaweza kuwapelekea.

Katika Afrika Mashariki chanjo yenye uzito wa kwanza kwa wanafunzi hao ni ile ya homa ya ini aina ya B. Ugumu wake hauko kwenye sindano bali kwenye kalenda: dozi zake 3 huchukua miezi 6, na anayesubiri mpaka wiki ya kwenda wodini amekwisha kuchelewa.

Homa ya ini B

Virusi vya ugonjwa huu hukaa katika damu na majimaji mengine ya mwili. Damu iliyokauka juu ya meza au chombo inaweza kuambukiza hata baada ya siku 7. Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa, uwezekano wa kuambukizwa VVU ni takriban 0.3%, kwa homa ya ini B unaweza kufikia 30%. Hata hivyo VVU ndivyo vinavyoogopwa zaidi, pengine kwa sababu homa ya ini huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili yoyote kabla ya kuleta kusinyaa kwa ini au saratani.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani waliishi na maambukizi sugu ya homa ya ini B, na milioni 1.1 hivi walifariki kwa sababu yake. Mwaka 2002 shirika hilohilo lilikadiria kuwa kati ya watumishi wa afya milioni 35 duniani, milioni 2 walikuwa wakichomwa kila mwaka na vifaa vyenye ncha kali.

Mwanafunzi yumo katika hatari ya pekee. Mkono wake haujazoea, anaharakisha akiwa anatazamwa, na mara nyingi ndiye anayeachiwa kukusanya sindano zilizotumika. Kosa la kawaida ni kurudisha kifuniko kwenye sindano badala ya kuitupa moja kwa moja katika kisanduku cha usalama.

Virusi hivyo vilitambuliwa kutokana na utafiti wa Mmarekani Baruch Blumberg katika miaka ya 1960, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa mwaka 1981 ikitengenezwa kutokana na damu ya watu wenye maambukizi. Tangu mwaka 1986 inatengenezwa kwa hamira iliyobadilishwa vinasaba, kwa hiyo haina damu ya mtu wala virusi hai.

Kalenda ya dozi

Dozi ya pili hutolewa mwezi 1 baada ya ile ya kwanza, na ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Zaidi ya 90% ya vijana wenye afya njema hupata kinga wakimaliza zote. Aliyekatiza katikati haanzi upya, bali anaendelea pale alipoishia. Mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya tatu inafaa kupima damu kuona kama kingamwili zimefikia kiwango cha kutosha. Asiyefikia hurudia dozi, na akishindwa tena anapaswa kujulishwa kwamba hana kinga ili achukue tahadhari.

Nchini Tanzania mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwezi Mei, na vyuo vikuu hufungua mwaka wa masomo karibu na Oktoba au Novemba. Miezi hiyo inatosha kwa dozi 2 za kwanza, na karibu kufikia ya tatu, kama mtu ataanza mara tu baada ya mtihani. Dozi ya pili huweza kuangukia wakati kijana yuko katika mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Hapo kadi ya chanjo ni muhimu, kwani dozi inaweza kutolewa kituo chochote chenye chanjo hiyo.

Waliozaliwa kabla na baada ya mwaka 2002

Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika ratiba ya watoto mwaka 2002, ikiunganishwa na ile ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Mwaka 2009 ikawa sehemu ya chanjo ya magonjwa matano. Aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni, isipokuwa kwa njia nyingine.

Kuzaliwa baadaye nako si uthibitisho. Ratiba hiyo haikuanza na dozi ya siku ya kuzaliwa, kwa hiyo mtoto aliyeambukizwa na mama yake wakati wa uzazi hakukingwa na dozi za baadaye. Na takriban 90% ya wanaoambukizwa uchangani hubaki na maambukizi sugu. Ndiyo maana inafaa kupima damu kabla ya kuchanja. Kadi za kliniki za utotoni nazo hupotea, na pasipo kadi chuo hakina cha kukagua.

Mkoa wa Ruvuma

Umuhimu wa kuwahi unaonekana wazi katika sehemu kama Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa. Kijana wa kata ya Mbuji, katika milima ya Umatengo, anayetaka udaktari husomea mbali: Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi au Bugando jijini Mwanza. Karibu na kwao ziko hospitali ya Litembo ya Jimbo Katoliki la Mbinga, ya Liuli ya Kanisa Anglikana kando ya ziwa, ya Peramiho iliyoanzishwa na wamisionari Wabenedikto, na ya rufaa ya mkoa mjini Songea.

Zahanati ya kijiji huwa na jokofu la chanjo za watoto, ambazo ni bure, lakini mara nyingi haina chanjo ya homa ya ini kwa watu wazima, ambayo kwa kawaida hulipiwa. Safari 3 za kwenda hospitali kubwa ni gharama kwa familia inayosubiri msimu wa kahawa. Chanjo hiyo hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi na huharibika ikiganda, kwa hiyo haifai kubebwa mfukoni ili ikachomwe nyumbani.

Aliyechomwa na sindano anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha kutoa taarifa papo hapo. Dawa za kuzuia VVU huanza haraka iwezekanavyo, si zaidi ya saa 72, na humezwa siku 28. Kwa homa ya ini B, asiye na kinga huhitaji chanjo pamoja na kingamwili za kudungwa, ikiwezekana ndani ya saa 24. Kingamwili hizo ni ghali na ni adimu mbali na miji mikubwa. Aliyekamilisha chanjo na kuthibitika kuwa na kinga hazihitaji.

Chanjo nyingine

Surua huenea haraka wodini. Tanzania ilianza kutoa dozi ya pili ya surua, pamoja na rubella, mwaka 2014, hivyo ratiba ya kawaida ya watoto kabla ya hapo ilikuwa na dozi moja tu. BCG hutolewa baada ya kuzaliwa, na kuirudia ukubwani hakujaonekana kusaidia. Dhidi ya kifua kikuu mwanafunzi hutegemea zaidi barakoa na madirisha yaliyo wazi. Chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa Tanzania tarehe 28 Julai 2021, watumishi wa afya walikuwa katika kundi la kwanza, lakini ilikuwa ya hiari.

Nguvu ya sharti

Ufaransa iliweka chanjo ya homa ya ini B kisheria kwa watumishi na wanafunzi wa afya mwaka 1991. Mwaka huohuo Marekani iliwataka waajiri kuitoa bure kwa wafanyakazi wanaogusa damu, huku mfanyakazi akiwa na haki ya kukataa kwa maandishi. Nchini Tanzania vyuo hudai fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na daktari, na baadhi hutaja chanjo hiyo katika maelekezo ya kujiunga.

Wapo wanaoogopa kupima wakidhani majibu yatawafukuzisha chuo. Maambukizi hayamzuii mtu kusomea uuguzi, maabara au udaktari. Dawa kama tenofovir hupunguza virusi hadi kiwango kidogo sana, na katika nchi zenye miongozo mikali, kama Uingereza, mipaka huwekwa hasa kwenye upasuaji ambamo mkono wa daktari unaweza kukatwa ndani ya mwili wa mgonjwa.