Jina Kwenye Kaseti: Historia ya Kazi ya Kutengeneza Gemu

Michezo ya video, ambayo vijana wengi wa Afrika Mashariki huiita gemu, ilianza kabla ya kuwa kazi ya kumlipa mtu mshahara. Mwaka 1958 mwanafizikia William Higinbotham alitumia kifaa cha maabara cha kuonyeshea mawimbi ya umeme kuwaburudisha wageni wa maabara ya Brookhaven, Marekani, kwa mchezo wa tenisi wa watu wawili. Mwaka 1962 Steve Russell na wenzake katika chuo cha MIT walikamilisha Spacewar!, mchezo wa vyombo viwili vya angani vinavyopigana, kwenye kompyuta ya PDP-1. Hawakuuza chochote. Programu hiyo ilinakiliwa bure kutoka chuo hadi chuo, na aliyeweza kuiboresha aliiboresha.

Fedha ziliingia mwaka 1972. Kampuni ya Magnavox ilitoa Odyssey, mashine ya kuunganishwa na televisheni iliyotokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer, na mwaka huohuo Nolan Bushnell na Ted Dabney walianzisha Atari huko California. Mhandisi wao mpya, Allan Alcorn, alipewa mchezo wa Pong autengeneze kama zoezi la kujipima. Mashine ya kwanza ilipelekwa kwenye baa moja mjini Sunnyvale. Haikupita muda ikaacha kufanya kazi, na Alcorn alipoifungua alikuta ubovu wenyewe ni kisanduku cha sarafu kilichojaa hadi kufurika. Tangu siku hizo biashara ya gemu imebeba mvutano ambao haujaisha: anayebuni mchezo anastahili nini katika fedha zinazoingia, na jina lake lionekane wapi.

Mwaka 1976 Atari iliuzwa kwa Warner Communications kwa dola milioni 28, na mwaka uliofuata ikatoa mashine ya nyumbani iliyojulikana kama VCS. Ukali wa kazi ya wakati huo unaonekana ndani ya mashine yenyewe. Ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu, na kaseti ya gemu kwa kawaida ilibeba kilobaiti 2 au 4. Kumbukumbu hiyo haikutosha kuhifadhi hata picha moja nzima ya skrini. Kwa hiyo mwandishi wa programu alilazimika kuipa televisheni picha mstari mmoja baada ya mwingine, wakati uleule mstari unapochorwa. Kwa kila mstari kompyuta ilikuwa na mapigo 76 tu ya saa yake ya ndani. Amri ikichelewa kwa mapigo machache, picha inavurugika. Mtu aliketi na karatasi akihesabu kila amri inakula mapigo mangapi. Mtu huyohuyo ndiye aliyebuni mchezo, akachora wahusika, akatunga sauti na kusaka makosa, kwa miezi kadhaa mfululizo. Mchezo ulipofika dukani, sanduku lilikuwa na nembo ya Atari na jina la mchezo, basi.

Warren Robinett, mwandishi wa programu wa Atari, alilitatua hilo kwa siri. Katika Adventure, gemu aliyoiandika karibu na mwaka 1980, alificha chumba ambacho mchezaji hawezi kukifikia mpaka aokote nukta moja yenye rangi sawa na ukuta uliokuwa nyuma yake, kisha avuke nayo mahali maalumu. Ndani ya chumba hicho palikuwa na maandishi yanayomtaja Robinett kuwa ndiye muumba wa mchezo. Hakumwambia mtu yeyote ofisini, na aliacha kazi kabla siri haijafichuka. Aliyeigundua ni kijana mmoja wa Salt Lake City, aliyeiandikia kampuni barua. Kuondoa jina kungegharimu fedha, hivyo likaachwa. Desturi ya kuficha vitu ndani ya gemu, ambayo leo wachezaji huifurahia kama mzaha, ilipata umaarufu kutokana na mfanyakazi aliyenyimwa sahihi kwenye kazi yake mwenyewe.

Wengine walidai wazi. Mwaka 1979 waraka wa mauzo uliosambazwa ndani ya Atari uliwafungua macho David Crane, Alan Miller, Bob Whitehead na Larry Kaplan: gemu walizoandika wao wanne zilikuwa zimeleta zaidi ya nusu ya mauzo ya kaseti, na wao walikuwa wakilipwa mshahara wa kawaida. Walimwendea mkuu wa kampuni, Ray Kassar, wakaomba mrabaha na majina yao yatajwe. Kwa maelezo ya Crane, walijibiwa kwamba wao si muhimu kuliko mtu anayeunganisha kaseti kiwandani. Jibu hilo liliwadharau watu wa aina mbili kwa mpigo mmoja, na historia ingeonyesha kwamba kampuni haikumthamini hata huyo wa kiwandani.

Wanne hao waliondoka, na pamoja na Jim Levy wakaanzisha Activision, kampuni ya kwanza huru ya kutengeneza kaseti kwa ajili ya mashine ya kampuni nyingine. Jina la mbunifu lilitajwa pamoja na gemu yake, na picha yake ikawekwa kwenye kijitabu cha maelekezo. Atari ilikwenda mahakamani, na shauri likamalizika mwaka 1982 kwa makubaliano. Mwaka huohuo Pitfall! ya Crane ilitoka, na hatimaye ikauza zaidi ya nakala milioni 4.

Mwaka 1982 ndio pia ulioonyesha haraka inavyoua kazi. Mwishoni mwa Julai, Howard Scott Warshaw wa Atari alitakiwa kutengeneza gemu ya filamu ya E.T. ambayo lazima iwe tayari ifikapo Septemba 1 ili iwahi Krismasi. Gemu za aina hiyo zilichukua miezi sita na zaidi. Yeye alipewa wiki tano. Alifungiwa mitambo nyumbani ili asipoteze hata muda wa safari. Aliimaliza, na kwa muda aliopewa ni ajabu kwamba ilifanya kazi kabisa. Kampuni ilichapisha mamilioni ya kaseti, nyingi zikarudishwa. Soko lilikuwa limejaa gemu dhaifu za kila namna, na mauzo ya gemu za nyumbani Marekani yakaporomoka. Februari 1983 Atari ilitangaza kuhamishia sehemu kubwa ya uzalishaji Hong Kong na Taiwan, na wafanyakazi wapatao 1,700 wakapoteza ajira California. Hao walikuwa hasa watu wa kiwandani. Septemba mwaka huo shehena ya kaseti ilifukiwa katika jalala la Alamogordo, New Mexico, na mwaka 2014 wachimbaji walizifukua, zile za E.T. zikiwemo. Kwa miaka mingi Warshaw alitajwa kama mtu aliyeangusha biashara nzima, lawama isiyo ya haki hata kidogo, kwani uamuzi wa wiki tano haukuwa wake.

Nchini Japani mambo yalifanana. Tomohiro Nishikado alitengeneza Space Invaders ya mwaka 1978 karibu peke yake, pamoja na mitambo yake, bila jina lake kutangazwa. Toru Iwatani, mbunifu wa Pac-Man ya mwaka 1980, amewahi kueleza kwamba mafanikio yale hayakumwongezea malipo. Katika kampuni kadhaa wabunifu waliandikwa kwa majina ya utani mwishoni mwa gemu ili washindani wasiwanyakue.

Tofauti kidogo ni habari ya Gunpei Yokoi, aliyeajiriwa na Nintendo mwaka 1965 kutunza mashine za kutengenezea karata. Katika muda wa mapumziko alijitengenezea mkono wa kukunjuka wa kushikia vitu vya mbali. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, alimwona, na badala ya kumkaripia akamwamuru augeuze kuwa bidhaa. Mwaka 1966 mkono huo ukauzwa kwa wingi. Baadaye, ndani ya treni, Yokoi alimwona mtu wa ofisini akipoteza muda kwa kubofya kikokotoo, na kutokana na hilo akabuni gemu ndogo za mkononi za Game & Watch, mwaka 1980. Game Boy ya mwaka 1989 ilifuata njia ileile ya vipuri vya bei nafuu vilivyokwisha kuzoeleka.

Gemu iliyoipeleka Game Boy mikononi mwa watu wazima ilitoka Moscow. Alexey Pajitnov aliandika Tetris katikati ya miaka ya 1980 akiwa mtafiti katika kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi, kwenye mashine ambayo haikuweza kuonyesha picha, hivyo vipande vyake vikachorwa kwa mabano ya maandishi. Haki zilishikwa na serikali ya Kisovyeti, na Pajitnov alianza kupata mrabaha mwaka 1996 tu.

Wakati huo gemu ilikuwa imekwisha kuingia ofisini. Wes Cherry, mwanafunzi aliyekuwa kwenye mafunzo ya kazi Microsoft, aliandika mchezo wa karata wa Solitaire uliotoka na Windows 3.0 mwaka 1990, bila kulipwa mrabaha. Alikuwa ameweka kitufe cha kuficha karata nyuma ya jedwali bandia la hesabu bosi akitokea. Kampuni ikamtaka akiondoe. Windows ilipoenea katika ofisi za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, karata hizo zilikuja nayo, na watumishi wengi walijifunzia kutumia kipanya kwa kuziburuta.

Kufikia miaka ya 2000 mtu mmoja hakutosha tena, na mlolongo wa kazi ulifika mbali kuliko studio. Simu za mkononi na mashine kama PlayStation 2 zilihitaji tantali, na bei ya madini hayo ilipopaa mwishoni mwa mwaka 2000, watu wengi wa Kivu, mashariki mwa Kongo, waliacha mashamba wakashika sepetu na karai kusaka koltani, mawe yenye tantali. Kongo haikuwa mzalishaji mkuu. Australia ndiyo iliyoongoza. Lakini Kivu ilikuwa vitani, na ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001 ilieleza jinsi majeshi na makundi yenye silaha yalivyonufaika. Bei ilianguka mwaka huohuo, wachimbaji wakabaki na mashimo. Hakuna gemu iliyowahi kuorodhesha majina yao.

Studio zenyewe zilikuwa zimezoea kukimbizana na tarehe ya kutoa gemu kwa kuwabana watu kazini usiku na mchana. Novemba 2004 mchumba wa mfanyakazi wa Electronic Arts, ambaye baadaye alijulikana kuwa Erin Hoffman, alitoa barua ya wazi kwenye intaneti. Alieleza ratiba ya saa tatu asubuhi hadi saa nne usiku, siku saba kwa wiki, bila malipo ya saa za ziada. Kampuni ilikuwa ikiwahesabu watu hao kama wataalamu wasiostahili malipo hayo kisheria. Kesi za wafanyakazi ziliishia kwa makubaliano ya dola milioni 15.6 kwa wachoraji na milioni 14.9 kwa waandishi wa programu. Mazoea hayakufa: mwaka 2020 kampuni ya Kipolandi CD Projekt Red iliwataka watu wake wafanye kazi siku sita kwa wiki ili kukamilisha Cyberpunk 2077.

Vyama vya wafanyakazi vilichelewa kuota mizizi, kwa kuwa wengi waliingia kazini kwa mapenzi, na mwenye mapenzi hubanwa kirahisi. Mei 2022 wajaribu gemu wa Raven Software, studio ya Activision, walipiga kura 19 dhidi ya 3 kuunda chama. Oktoba 2023 Microsoft iliinunua Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7, ile kampuni iliyozaliwa na watu wanne waliotaka mrabaha na majina yao; Januari 2024 Microsoft ikatangaza kupunguza wafanyakazi 1,900 katika kitengo chake cha gemu. Julai 2024 waigizaji wa sauti na miondoko walio chini ya chama cha SAG-AFTRA waligoma, wakihofia kompyuta kuiga sauti na miili yao. Mkataba uliopitishwa Julai 2025 unazitaka kampuni zipate ridhaa ya mwigizaji kabla ya kutengeneza nakala yake ya kidijitali, na zimlipe inapotumika.