Kiti cha Makamu

Urais wetu ulizaliwa 9 Desemba 1962, Tanganyika ilipotimiza mwaka mmoja wa uhuru na kuwa jamhuri. Mwezi mmoja kabla, Mwalimu Julius Nyerere alimwangusha Zuberi Mtemvu kwa zaidi ya asilimia 98 ya kura. Ulipokuja Muungano na Zanzibar, Aprili 1964, likazuka suala la nani akae karibu na kiti hicho. Abeid Karume akawa Makamu wa Kwanza huku akibaki Rais wa Zanzibar. Rashidi Kawawa akawa wa Pili.

Enzi za chama kimoja mpango huo haukusumbua. Mpiga kura aliwekewa jina moja tu la urais, akajibu ndiyo au hapana. Mwalimu alipong'atuka 1985 alimwachia Ali Hassan Mwinyi, Rais wa Zanzibar tangu mwaka uliotangulia. Huyu ndiye Mzee Rukhsa, aliyelegeza biashara hadi maduka matupu yakajaa tena. Ukomo wa vipindi viwili, ulioingia kwenye Katiba 1984, ulianza kwake.

Vyama vingi viliporudi 1992, mpango wa zamani ukawa na mtego: itakuwaje Zanzibar ikimchagua mpinzani? Mwaka 1994 Katiba ikabadilishwa kwa mara ya 11, akaletwa mgombea mwenza, tena lazima atoke upande wa pili wa Muungano. Wazanzibari wengine walinung'unika kwamba rais wao ameshushwa cheo, na hoja yao ilikuwa na uzito. Hata hivyo, hofu ile haikuwa bure: mwaka uliofuata, katika kuwania urais wa Zanzibar, Salmin Amour alimshinda mpinzani Maalim Seif Sharif Hamad kwa tofauti isiyofika asilimia moja.

Rais Mkapa akamaliza miaka yake kumi, Rais Kikwete yake. Makamu wao walikata utepe, na wachache tu walikumbuka kazi nyingine ya kiti kile.

Usiku wa 17 Machi 2021, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alitokea kwenye televisheni kutangaza kifo cha Rais John Magufuli. Siku mbili baadaye aliapa Ikulu, Dar es Salaam, ushungi mwekundu kichwani na msahafu mkononi, mwanamke wa kwanza kushika urais wa nchi hii. Uchaguzi haukuhitajika: Ibara ya 37 ya Katiba ilimpa muda wote uliobaki, zaidi ya miaka minne. Kabla Machi haijaisha, Bunge lilimthibitisha Philip Mpango wa Kigoma kuwa makamu. Rais akiwa Mzanzibari, ilikuwa zamu ya Bara.