Je, Wairaqw walitoka Iraq?



Wapo wanaosema Wairaqw walitoka Iraq, kwa sababu majina yanafanana. Ndugu yangu, kufanana kwa jina si ushahidi. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, jamaa ya Kigorowa na Kialagwa, na chimbuko la Wakushi ni upande wa Ethiopia.

Mwaka 2017 ulitangazwa uchunguzi wa vinasaba vya mtoto mchanga wa jamii ya wafugaji, aliyezikwa Luxmanda, hapa Manyara, miaka 3,100 iliyopita. Asilimia 38 hivi ya asili yake inahusiana na wakulima wa kale wa Shamu; iliyobaki ni ya Kiafrika.

Damu ilichanganyika zamani. Basi Mwiraqw asijivune mbele ya Mbarbaig. Rejea Suratul Hujurat, aya ya 13: makabila ni ya kujuana, ubora ni uchamungu.

Wallahu a'lam.