Mtu wa Karatasi: Jalada la Kwanza la Fahrenheit 451

Jalada la kwanza la Fahrenheit 451, riwaya ya Ray Bradbury iliyotolewa na Ballantine Books nchini Marekani mwezi Oktoba 1953, ni kazi ya mchoraji Joseph Mugnaini. Linaonyesha mtu aliyesimama juu ya vitabu vinavyoungua. Ameinamisha kichwa, mkono mmoja ameuinua usoni, na ndimi za moto zinampanda miguuni. Ukimtazama vizuri unagundua kuwa mwili wake ni magazeti. Maandishi yamemwenea kama ngozi.

Mhusika mkuu wa riwaya, Guy Montag, ni mtumishi wa zimamoto katika nchi ambako kikosi hicho hakizimi moto bali huchoma vitabu. Namba 451 ni kiwango cha joto, kwa kipimo cha Fahrenheit, ambacho Bradbury alikitaja kuwa ndicho karatasi hushika moto. Kwa Selsiasi ni kama 233. Ingetosha kumchora Montag na sare yake, ameshika chombo cha kurushia mafuta. Mugnaini alikwenda mbali zaidi: alimfanya mchomaji mwenyewe awe karatasi. Anayeteketeza maandishi anajiteketeza, na hilo linaonekana kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza. Isitoshe, mwishoni mwa riwaya Montag anakutana na watu waliohifadhi vitabu vichwani, kila mmoja amejitwika chake ili kisipotee. Msomaji akilirudia jalada baada ya kumaliza, mtu yule yule anaweza kuwa mmoja wao. Sijui jalada jingine la riwaya ya kisayansi linalobeba mwanzo na mwisho wa hadithi kwa umbo moja bila kuitoboa siri.

Mugnaini alizaliwa Viareggio, Italia, mwaka 1912, akapelekwa Marekani angali mchanga, na baadaye akafundisha uchoraji katika Otis Art Institute, Los Angeles. Bradbury alikutana na kazi zake mwaka 1952 katika duka la sanaa huko Beverly Hills, akavutiwa mno, akamtafuta mwenyewe. Urafiki wao ulizaa pia michoro ya The Golden Apples of the Sun (1953), The October Country (1955) na The Halloween Tree (1972).

Mchapishaji naye anastahili sifa. Ballantine ilikuwa kampuni changa, iliyoanzishwa mwaka 1952 na Ian na Betty Ballantine, na ilitoa kitabu kwa jalada gumu na jalada laini. Nakala ya jalada laini iliuzwa senti 35. Katika soko hilo la bei nafuu, majalada ya hadithi za kisayansi yalijaa roketi, majitu ya sayari za mbali na wanawake waliovaa nusu uchi. Kuweka hapo mtu mmoja mwenye huzuni, asiye na silaha wala chombo cha angani, kulihitaji ujasiri.

Nakala zipatazo 200 zilizotiwa saini na Bradbury hazikuwa na mchoro huo nje. Zilifungwa kwa asbesto, nyenzo isiyoshika moto, zikabaki nyeupe na jina la kitabu kwa rangi nyekundu. Leo wakusanyaji huzigombea kwa fedha nyingi. Lakini mchoro uliorudiwa katika matoleo ya miaka iliyofuata, na ambao wasomaji wa vizazi kadhaa wanautambua, ni ule wa nakala za senti 35.