Nani Alitangulia Kuvaa Buibui?

Kuanzia Lamu hadi Unguja utaambiwa kwamba buibui ni vazi la tangu na tangu: lilikuja na dini, likakaa. Kauli hii husemwa kwa uhakika, tena na watu wazima wenye heshima zao. Sikutaka kuikubali wala kuikanusha kabla ya kuona ushahidi. Ikiwa wanawake wa Unguja walivaa buibui tangu enzi za masultani wa mwanzo, mbona picha za zamani hazilionyeshi?

Nilianzia kwenye picha hizo, za karne ya 19. Wanawake wamejifunga nguo chini ya makwapa, mabega wazi, kichwa kitupu. Wamevaa merikani, pamba isiyopaushwa iliyokuwa ikiletwa kutoka Massachusetts, au kaniki iliyotiwa nili. Nilikaribia kufunga daftari. Lakini mpiga picha hakukaribishwa ndani ya majumba ya mawe. Aliowapata ni watumwa na wachuuzi wa njiani. Je, mabibi wa ndani walijisitiri kwa vazi gani?

Hapo nikageukia maandishi. Binti mmoja wa Sultani, katika kumbukumbu alizochapisha Ujerumani mwaka 1886, anaeleza jinsi mabibi wa Unguja walivyofunika uso kwa barakoa. Lamu kulikuwa na shiraa, kitambaa kilichoinuliwa kwa miti, bibi akitembea ndani yake huku watumwa wakimbebea. Mavazi yote mawili yalitaka mali na watu wa kutumikia. Buibui bado halijatokea. Lilitoka wapi, basi?

Simulizi inayorudiwa zaidi inataja Hadhramaut, huko Yemeni. Ina uzito, kwani Wahadhrami wamehamia pwani hii kwa karne nyingi. Ila hapo njia yangu ikazibika. Majahazi yalikuwa yakija na kurudi zamani zote hizo, na bado buibui lilienea Unguja katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 tu. Ni kitu gani kilikuwa kimebadilika mjini?

Tarehe za sheria zilinifungulia. Utumwa ulifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na masuria wa Unguja wakasubiri hadi 1909. Kabla ya hapo, desturi ilimkataza mtumwa kujifunika kichwa kama bibi yake. Walipopata uhuru, wanawake hao walinunua kanga, wakajitanda, kisha wakavaa buibui, ambalo halikuhitaji mjakazi wa kulibeba. Bibi na aliyekuwa mtumwa wake wakapita uchochoro mmoja, wote katika vazi jeusi tii. Tuseme walifichwa, au walidai heshima waliyonyimwa?

Nilipoonyeshwa buibui la kamba, nililitazama kwa makini. Ni kitambaa kipana cheusi. Kamba hufungwa kichwani, na mkono hushika upindo chini ya kidevu. Mvaaji huuvuta au huuachia, na uso ukaonekana kadiri atakavyo. Hata hivyo, hadithi hii tamu ya uhuru nayo niliipima. Mume, wakwe na macho ya jirani navyo vina nguvu, na nyaraka nilizosoma ziliandikwa zaidi na wanaume. Wanawake wenyewe walikuwa na sababu ngapi ambazo hakuna aliyeziandika?

Ninachoweza kusimamia ni hiki: imani ya kujisitiri ni ya kale, lakini vazi hili ni geni kuliko tunavyosimuliwa, na liliwafaa wanawake wengi kwa haja zao. Leo abaya za Dubai zimelisukuma pembeni. Barabara moja hupitiwa na mwenye niqabu, mwenye kanga, mtawa wa Kikristo na shungi lake, na asiyefunika kichwa. Anayemlazimisha mwanamke kuvaa kwa jina la asili ameiruka historia. Anayemlazimisha kuvua kwa jina la uhuru ameiruka vilevile. Kwa nini wote wawili wanaogopa kumwuliza mwenyewe?